UZI: Shafti iliyolika haina kipimo (kutoka kwenye kerezo, Malindi)

#1 Mkereza wa Maweni

Assalamu alaykum wanajukwaa, na habari za leo kwa wote.

Wiki hii nimeletewa shafti ya rafadha (panga linalosukuma chombo majini), ya tatu tangu Ramadhani, iliyotengenezwa mpya na bado haifai. Aliyeikereza si mzembe. Uso unang'aa, ncha zimesawazishwa vizuri, mfereji wa kii (kijipande cha chuma kinachoizuia shafti isiteleze) umenyooka. Kosa lake ni moja tu: alipewa shafti kuukuu, akaipima palipolika, akatengeneza nyingine sawasawa na ile. Mteja ametoa pesa nzima kununua uchakavu mpya. Naandika kwa sababu kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe, na nusura liue watu.

Mimi ni mkereza wa vyuma hapa Maweni, Malindi, mwaka wa 22 sasa. Kabla ya hapo nilikuwa Mombasa, Shimanzi, ambako nilifagia nyuzi za chuma chini ya mashine miezi sita kabla ya kuruhusiwa kushika gurudumu lolote. Jina la kazi nimelirithi. Babu yangu, Langoni kule Lamu, alikereza miguu ya vitanda vya samadari kwa kerezo la uta: mkono mmoja wavuta uta, mwingine umeshika patasi, na kidole gumba cha mguu ndicho kiegemeo cha patasi. Kerezo langu lina mota ya fezi tatu na gia za chuma, lakini kazi ni ile ile. Kitu kinazunguka, kisu kimetulia.

Sasa kosa langu. Ulikuwa mwaka wangu wa nne Malindi. Ikaja shafti ya mashua ya Mayungu, yenye injini ya dizeli ya Kiingereza ya zamani. Ililetwa peke yake, bila kaplingi, kile kiungo cha kuiunganisha na injini. Niliipima kwa vania (kipimo cha taya zinazoteleza) pale inapokaa sili, kizuizi cha maji yasiingie chomboni, nikapata milimita 31.4. Nikakereza 31.4.

Lakini 31.4 si kipimo cha mtu yeyote. Hakuna aliyekaa mezani akachora shafti ya 31.4. Waingereza wa zamani walichora kwa inchi, na inchi moja na robo ni milimita 31.75. Ile 0.35 iliyopungua ililiwa na mchanga na chumvi kwa miaka. Shafti yangu iliingia kwenye kaplingi kwa ulaini uliomfurahisha mwenyewe, na ulaini huo ndio uliokuwa maradhi. Kaplingi ikawa inacheza, na kila injini ilipobadilisha mwendo kii ndiyo iliyopigwa. Ilipigwa siku kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikatika nje ya mwamba, katikati ya kusi, watu wanne chomboni. Injini inavuma, rafadha imesimama. Waliokolewa na Mungu, na na tanga ambalo nahodha hakuliacha nyumbani. Aliporudi hakunigombeza. Aliweka vipande viwili vya kii juu ya meza yangu akaenda zake. Ninavyo mpaka leo, kwenye kisanduku cha vipimo.

Basi nieleze ninavyofanya siku hizi.

Kwanza natafuta palipofichika. Shafti hailiki yote. Chini ya kaplingi, nyuma ya beringi, kwenye bega ambako sili haikufika, hapo chuma bado ni kile kilichotoka kiwandani. Napasafisha kwa dizeli na kitambaa, nisitumie msasa, kisha napima kwa maikromita, kipimo chenye usahihi kuliko vania, mara tatu, kila mara nikiizungusha shafti kidogo.

Pili, naisoma beringi. Beringi ni mchoro ulioandikwa kwa namba. Ukiona 6205, chukua tarakimu mbili za mwisho uzidishe kwa 5: tundu ni milimita 25. Nje ni 52, upana 15. Ukiona 6305, tundu ni lile lile 25, lakini nje ni 62 na upana 17. (Hesabu ya kuzidisha inaanzia 04 kwenda juu. Zile 00 hadi 03 zina vipimo vyake: 10, 12, 15 na 17.) Kwa hiyo shafti ya mashine ya kusagia mahindi ikija na 24.8 penye beringi, siulizi ilikuwa ngapi. Ilikuwa 25, na mimi naiacha kati ya 25.002 na 25.015 ili beringi ibane bila kupigwa kwa hasira.

Na hapa mafundi wenzangu tusemezane kweli. Ule mtindo wa kuipiga shafti vidoto kwa patasi yenye ncha ili beringi ikamate, tuuache. Beringi inakuwa imekaa juu ya vilima vidogo vidogo. Vilima vikilala, beringi inazunguka tena juu ya shafti, na safari hii inaila zaidi. Jazia kwa kuchomelea, acha ipoe polepole, kereza upya. Au punguza shafti uivishe bushi (bomba fupi linalovaa juu ya shafti). Kazi ni ya siku moja badala ya nusu saa, najua. Mama mwenye mashine ya kusaga kule Mambrui akifunga biashara mara nne kwa mwaka, hiyo nusu saa imemgharimu nani?

Tatu ni hesi, yaani meno ya bolti na nati. Hesi zina kabila. Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza hesi zote za nchi ziwe na pembe moja, nyuzi 55, ili nati ya karakana moja iingie bolti ya karakana nyingine. Kabla yake kila karakana ilikata ya kwake. Hesi za milimita tunazozikuta kwenye mashine za Kijapani zina pembe ya nyuzi 60. Pwani yetu imepokea injini za kila taifa, kwa hiyo chombo kimoja chaweza kubeba zote mbili. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa kila inchi, na ya Kimarekani yenye unene ule ule ina 13. Nati ya moja itaingia kwenye nyingine mizunguko michache kisha inakaza. Hapo kijana anavisha spana kipande cha bomba aongeze nguvu, na bolti imekwisha. Nunua kile kipimo cha hesi chenye majani membamba yanayokunjika kama kisu cha mfukoni. Weka jani juu ya meno, inua kwenye mwanga. Jani la kabila lile halipitishi mwanga.

Nne, joto. Vipimo vya viwandani dunia nzima vimekubaliwa viwe vya nyuzi 20 za Selsiasi. Karakana yangu ya mabati, saa nane mchana, haijapata kuziona hizo 20. Chuma cha milimita 100 kikipanda nyuzi 10 kinarefuka kama milimita 0.012. Hilo halinisumbui sana, kwa kuwa kipimo na kazi vimeshiriki joto moja. Hatari ni kitu kilichotoka kwenye kisu sasa hivi. Kiti cha beringi cha milimita 62 ukikipima kikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya kipimo chako, kinakudanganya kwa 0.02. Kinasoma sawa, kikipoa kimebana, na beringi inaanza kulia siku ya kwanza. Mkato wa mwisho mimi naufanya baada ya chai.

Karibuni wenye maswali, na wenye kunisahihisha.

#2 TangaMbili

Fundi, umenigusa. Mashua yangu iko hapa Malindi, twavua mpaka Ngomeni. Nilitengenezewa shafti ya stenlesi mahali fulani. Muuzaji wa chuma aliweka sumaku mbele ya macho yangu, haikushika, akaniambia hii ndiyo ya baharini. Mwaka haujesha, ina vishimo kama mtu aliyeugua ndui, na vyote viko pale pale ndani ya sili. Kwingine inang'aa. Nimedanganywa ama bahari ndiyo kali?

#3 Mkereza wa Maweni

Nahodha, pole sana. Huenda ni yote mawili.

Sumaku haitofautishi stenlesi zinazotuhusu. Ile ya 304, ya masufuria na sinki, kwa kawaida haishikwi na sumaku. Ya 316 nayo haishikwi. Tofauti yao ni kwamba 316 imetiwa molibdeni, asilimia 2 hadi 3, nayo ndiyo inayopambana na chumvi. Iko pia 303, imetiwa salfa ili ikatike kwa urahisi, na mafundi twaipenda kwa kuwa nyuzi zake hukatika fupi fupi na kisu hakichoki. Baharini hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Nayo sumaku hukuambia vile vile. Ukinunua, dai namba iliyopigwa au kuandikwa kwenye fimbo yenyewe kabla haijakatwa.

Sasa kwa nini vishimo viko ndani ya sili tu. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu imejifunika utando mwembamba mno, na utando huo unahitaji oksijeni ili ujitibu kila unapokwaruzwa. Maji yanayopita yana oksijeni. Yaliyonaswa ndani ya sili hayana, yanaisha hewa na chumvi inabaki. Ndiyo sababu mashua inayofanya kazi kila siku hudumu na shafti yake kuliko ile iliyofungwa kusi nzima inangoja bahari itulie. Hata 316 itatoboka ukiiacha hivyo. Chombo kikikaa, kipandishe pwani. Kama hakipandi, zungusha shafti kwa mkono kila siku mbili tatu na uilegeze sili kidogo maji yapite.

Tena angalia rafadha na zinki yako. Rafadha ya bronzi na shafti ya chuma ndani ya maji ya chumvi ni betri, na chuma kilicho dhaifu kati yao ndicho kinacholiwa. Zinki tunaifunga ili iliwe yeye. Nimeona mtu ameipaka rangi zinki iwe nadhifu. Iliyopakwa rangi haifanyi kazi. Na pini au bolti za shaba ya njano usizifunge chini ya maji: bahari huinyonya zinki iliyo ndani yake, inabaki shaba yenye rangi ya waridi, inavunjika kama biskuti kavu.

La mwisho ni letu sisi wa Malindi. Mto wetu wa Sabaki ukifurika unajua bahari inavyokuwa nyekundu. Ule udongo unaingia kati ya shafti na bushi, unafanya kazi ya msasa. Bushi ya mpira yenye mifereji inautoa kwa maji, ya bronzi inaumeza na kuila shafti. Kwa mashua ya ghuba hii mimi hushauri ya mpira, hata kama bei inauma.

#4 Mzee Tupa

Nimekereza Mombasa na Malindi tangu wengi wenu hamjazaliwa. Nakubaliana na mwenye uzi, ila mahali pamoja. Mvuvi anakuja na shafti, bushi yake ya zamani bado iko chomboni, imeshapanuka, na hana pesa ya bushi mpya. Ukimpa shafti ya kipimo cha kitabu, itacheza ndani ya bushi ile na kutikisa chombo kizima. Wakati mwingine shafti inafaa izidi kitabu. Kitabu hakivui samaki, mwanangu.

#5 Mkereza wa Maweni

Mzee wangu, hapo umesema kweli na nilipaswa kuiandika mwanzo. Kinachokerezwa si shafti pekee, ni shafti na inakoingia. Ukiwa na bushi iliyopanuka mkononi, ipime, na kama mteja hana budi, mzidishie unene sehemu ile tu. Lakini pale penye kaplingi usiguse, paache 31.75 yake. Na umwandikie. Mimi sasa hupiga namba za vipimo kwenye ncha ya shafti kwa herufi za chuma, ili fundi atakayeipokea baada yangu asikisie. Ile ya Mayungu ningeliletewa pamoja na kaplingi yake, ningeona.

Na neno "kitabu" mzee usilidharau sana mbele ya vijana. Kitabu ni mafundi wengine waliopima kabla yetu.

#6 Binti wa Karakana

Salaam fundi. Nasomea uhandisi wa mitambo Mombasa, mwaka wa pili, na nataka nije mafunzo ya kazi likizo ijayo. Darasani tunaambiwa mashine za kompyuta zimemaliza kazi ya kukereza kwa mkono, kwamba miaka michache ijayo karakana kama yenu zitafungwa. Nauliza kwa heshima: kuna haja ya mimi kujifunza gurudumu la mkono?

#7 Mkereza wa Maweni

Dada, swali zuri na halina ubaya wowote.

Mashine za kuongozwa kwa namba si jambo la jana. Mmarekani John Parsons alitafuta njia ya kutengeneza mapanga ya helikopta kwa umbo lililohesabiwa nukta kwa nukta, na mwaka 1952 chuo cha teknolojia cha Massachusetts kilionyesha mashine iliyofuata namba zilizotobolewa kwenye utepe. Zimepita zaidi ya miaka 70 na kazi yangu bado ipo. Sababu ni aina ya kazi. Ukitaka bushi 500 zinazofanana, mashine ya kompyuta ni mfalme, na mtu anayezikata moja moja kwa mkono anajichosha. Mimi siku nzima naletewa vitu 9 na hakuna viwili vinavyofanana: shafti ya mashua, puli ya pampu ya shamba la chumvi Gongoni, kii ya mashine ya kusaga, bolti iliyovunjikia ndani ya injini. Wakati unaoandika programu ya kimoja, maji yamekupwa na mashua inangoja.

Lakini sikiliza sana hapa. Mashine ya kompyuta ukiiambia G01 (amri ya kukata kwa mstari ulionyooka) kwa kipimo cha 31.4, itakata 31.4 kwa usahihi wa ajabu. Haiwezi kukuuliza injini ilikuwa ya wapi. Ukija na ujuzi wa kujua 31.75 imefichwa wapi, utakuwa bora kwenye mashine yoyote. Kwenye gurudumu la mkono utajifunza chuma kinavyolia kisu kikiwa butu, na kwa nini lazima ukaribie kipimo kutoka upande mmoja kila mara, kwa kuwa parafujo ya kila gurudumu ina ulegevu. Hesabu ya mwendo pia utaifanya kichwani: kasi ya kukata mara 1000, gawa kwa pai mara kipenyo. Chuma laini, kisu cha kawaida kisicho cha kabaidi, mita 30 kwa dakika, fimbo ya 25, ni kama mizunguko 380.

Mimi mwenyewe teknolojia naipenda. Nilipofunga kionyeshi cha tarakimu kwenye kerezo langu, kile kinachosoma mwendo wa kisu chenyewe badala ya parafujo, kazi zilizorudishwa zilipungua nusu. Mwenye karakana ndogo akiniuliza anunue nini kwanza, nitamwambia hicho, na maikromita nzuri, kabla ya kuota mashine ya kompyuta.

Karibu likizo. Utakuja na nguo ya mikono mifupi, nywele zimefungwa ndani ya kofia au mtandio uliobanwa ndani ya ovaroli, bila pete, bila saa. Glavu ni za kubeba chuma, mbele ya kitu kinachozunguka unazivua. Ufunguo wa taya za mashine hauachwi kwenye taya hata kwa sekunde moja: unauondoa kwanza, kisha ndipo mkono wako uutoke. Haya hayana mjadala kwangu. Shimanzi nilimwona mwenzangu akivutwa mkono kwa uzi mmoja wa glavu.

#8 Jirani wa Ngomeni

Mimi nimekua nikiyaona majukwaa ya San Marco ndani ya bahari. Waitaliano walirusha setilaiti hapa tangu 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa ile iliyopewa jina la Uhuru, ya kutazama miali ya eksirei angani. Ya kwanza duniani ya aina yake, imetoka Ngomeni! Na bado kijana wa Ngomeni akitaka kujifunza kukereza chuma anapanda matatu kwenda Mombasa. Inaniuma.

#9 Mkereza wa Maweni

Inaniuma na mimi, jirani. Ujuzi hauvuki maji wenyewe, lazima kuwe na mtu upande huu aliyeshika kipimo. Tena fikiri: yale majukwaa yamesimama kwa miguu ya chuma ndani ya chumvi ile ile inayokula shafti ya nahodha hapo juu. Tatizo lao la chini ya maji ni letu. Nina nafasi ya vijana wawili kuanzia mwezi ujao, chakula cha mchana juu yangu. Kama unao wa Ngomeni wenye subira ya kufagia kwanza, waje.

#10 TangaMbili

Fundi, nimeing'oa shafti leo alfajiri. Nimeisugua sugua ile ya zamani pia, nikuletee zote mbili kesho zikiwa safi?

#11 Mkereza wa Maweni

Usisugue tena nahodha, tafadhali! Lete hivyo hivyo na uchafu wake. Lete na kaplingi, na bushi kama imetoka, na namba ya injini uipige picha. Ile sehemu iliyokuwa imefichwa ndani ya kaplingi, ambayo bado ina grisi nyeusi, ifunge kwa kitambaa isikwaruzwe njiani. Hapo ndipo nitakapoanzia. Nipo kuanzia saa moja asubuhi, kabla joto halijaingia.